Upepo wa Kusi na Bei ya Tokeni: Faida ya Umeme wa Upepo Hupita Njia Gani Kufika Lamu na Malindi?

Kila mradi wa umeme wa upepo uliopangwa mahali paitwapo Baharini, nchi kavu karibu na Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, unapotajwa redioni, mazungumzo ya barazani huanza upya pale pale yalipoachwa. Mmoja husema upepo ni neema ya Mwenyezi Mungu, haulipiwi, basi umeme wake nao uwe wa bure au wa bei ya chini kabisa. Mwingine hujibu kwamba huko Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit, mitambo inazunguka tangu mwaka 2018 na bado tokeni za umeme ni ghali, kwa hivyo habari yote ni ya kuwafaidi matajiri na makampuni. Wa tatu, mara nyingi nahodha au mvuvi wa makamo, huuliza kama mapanga hayo makubwa hayatakuja kuzuia Kusi isijaze tanga.

Maswali haya yote ni ya haki, na yanastahili majibu yaliyonyooka. Mkanganyiko unatokana na kuchanganywa kwa mambo matatu ambayo kila moja lina kanuni zake: namna umeme unavyozalishwa, namna bei yake inavyopangwa, na namna ardhi ya mradi inavyopatikana. Mtu akijibu swali la bei kwa hoja ya upepo, au swali la ardhi kwa hoja ya mazingira, mabishano hayatakwisha. Katika makala haya nitayafungua moja baada ya jingine, na nitaeleza kwa nini naamini kwamba faida za nishati hii ni za kweli, ingawa nyingi kati yake hazipiti kwenye bili ya nyumbani, na zile zinazomgusa mwenyeji moja kwa moja hupatikana tu zikiandikwa kwenye mikataba kabla ya mlingoti wa kwanza kusimamishwa.

Tuanze na mtambo wenyewe. Pangaboi lililoko darini hupokea umeme na kutoa upepo. Mtambo wa upepo hufanya kinyume chake, yaani hupokea upepo na kutoa umeme. Upepo husukuma mapanga matatu, mapanga huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha jenereta iliyofungiwa ndani ya kichwa cha mtambo kule juu ya mlingoti. Kichwa hicho hugeuka chenyewe kuufuata upepo, kwa hivyo mtambo uliosimamishwa Lamu ungeelekea kusini-mashariki wakati wa Kusi na kugeukia kaskazini-mashariki Kaskazi inapoingia, bila ya mtu kupanda juu. Mtambo wa kawaida huanza kuzalisha upepo ukifika mwendo wa mita tatu au nne kwa sekunde, na hujizima kwa usalama wake ukizidi mita 25 kwa sekunde, ambazo ni sawa na kilomita 90 kwa saa.

Hapa pana maneno mawili yanayochanganywa sana. Kilowati ni kipimo cha nguvu ya kifaa kwa wakati mmoja, na megawati moja ni kilowati 1,000. Uniti, ile tunayoinunua kwa tokeni, ni nguvu ya kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima. Birika la umeme la kilowati mbili likichemsha maji kwa nusu saa hula uniti moja. Kwa hivyo mradi unapotangazwa kuwa ni wa megawati 90, kama huu wa Baharini, hicho ni kiwango cha juu ambacho mitambo yote inaweza kutoa upepo ukiwa mzuri kabisa. Hakuna anayeahidi kwamba itatoa kiasi hicho usiku na mchana. Mashamba mengi ya mitambo ya nchi kavu duniani hutoa, kwa wastani wa mwaka, kati ya robo na asilimia 45 ya kiwango chao cha juu. Tukichukua asilimia 35 kwa mfano tu, megawati 90 zingetoa takriban uniti milioni 276 kwa mwaka. Anayesikia megawati akadhani ni uniti ataishia kuona kwamba amedanganywa, hata kama hakuna aliyemdanganya.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na ambalo ndilo linaloamua kama mahali panafaa au hapafai, ni kwamba nguvu iliyomo ndani ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Upepo wa mita saba kwa sekunde una nguvu karibu mara tatu ya upepo wa mita tano, ingawa mtu aliyesimama ufukweni huenda asione tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Ndiyo sababu wahandisi husimamisha milingoti ya vipimo na kuiacha mwaka mzima au zaidi kabla ya kuamua lolote, na ndiyo sababu mitambo hupandishwa juu sana: karibu na ardhi, miti, nyumba na vichuguu huukwaza upepo, lakini mita 80 au 100 juu hupita bila kukwazwa.

Mabaharia wetu wanaijua kalenda ya upepo kuliko mtu yeyote. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, kisha huja maleleji, siku za upepo mwepesi usio na mwelekeo, halafu Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi ikishika sawasawa, katikati ya mwaka, bahari ya nje huchafuka na wavuvi wa Kiwayu na Kizingitini hulazimika kubaki ndani ya mikondo iliyokingwa na visiwa. Miezi hiyo ambayo mvuvi huingiza kidogo ndiyo ambayo mtambo wa upepo ungezalisha zaidi. Maleleji nayo yangekuwa majuma ya mavuno haba. Mtu yeyote anayetaka kuuelewa mradi wa upepo hapa kwetu ni lazima akumbuke kwamba huo ni umeme wa misimu, na kwamba thamani yake inategemea ni nini kingine kimeunganishwa nao.

Hapo ndipo inapoingia gridi ya taifa, yaani mtandao mmoja wa nyaya unaounganisha vituo vya kuzalisha umeme na watumiaji kote nchini. Mji wa Lamu uliwahi kutegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na njia ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapitia Malindi na Garsen. Nyaya zile zile zinazoleta umeme kutoka Rabai zinaweza pia kubeba umeme kwenda upande wa pili, na umeme una kawaida ya kutumika kwanza pale palipo karibu. Mitambo ikizunguka Mpeketoni, taa za Witu, Lamu na Malindi zingekuwa za kwanza kuutumia umeme huo, na kinachobaki ndicho kingeendelea mbele. Hili si dogo, kwa kuwa zaidi ya moja ya tano ya umeme unaonunuliwa na kampuni ya usambazaji ya Kenya Power hupotea kabla ya kulipiwa, sehemu yake kwa wizi na sehemu yake kwa joto la nyaya ndefu. Kuzalisha karibu na mtumiaji hupunguza ule upotevu wa njiani.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo watu huumia na ndipo hasira ilipo. Ukinunua tokeni kwa simu, ujumbe unaorudi hugawanya fedha zako mafungu mafungu: gharama ya umeme wenyewe, gharama ya mafuta, marekebisho ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, tozo ya usambazaji wa umeme vijijini, tozo ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, kisha kodi ya VAT. Bei hizi ni moja nchi nzima. Aliye Loiyangalani, aliye Nairobi na aliye Shela wanaolipa katika kundi moja la matumizi hulipa kiwango kimoja. Kwa sababu hiyo, kuwa na mtambo mlangoni pako hakukuteremshii bili, kama ambavyo jirani wa bwawa la Masinga halipi pungufu kwa kuwa na bwawa. Wanaoahidi kwenye majukwaa ya siasa kwamba Lamu itapata umeme wa bei nafuu kwa sababu mitambo iko Lamu wanaahidi jambo ambalo utaratibu wa sasa hauliruhusu.

Upepo unaigusa bili kupitia fungu la mafuta. Kila uniti inayotoka kwenye upepo ni uniti ambayo haikuzalishwa kwa mafuta, na mafuta ni ghali. Jenereta ya dizeli hutoa takriban uniti tatu hadi nne kwa lita. Dizeli ikiwa shilingi 170 kwa lita, mafuta peke yake hugharimu kama shilingi 50 kwa uniti, kabla ya kulipa fundi, vipuri na usafirishaji. Umeme wa upepo wa Turkana ulipangiwa bei ya takriban senti saba na nusu za Yuro kwa uniti. Hata Yuro ikiwa shilingi 150, hiyo ni kama shilingi 11. Tofauti ni kubwa, lakini husambazwa kwa mamilioni ya wateja na huonekana kama fungu la mafuta ambalo halikupanda, jambo ambalo hakuna mtu hulisherehekea.

Ni haki pia kueleza upande wa pili. Upepo haulipiwi, lakini mtambo, barabara, nyaya na mkopo wa benki hulipiwa, na karibu gharama yote hulipwa mwanzoni. Ndiyo maana mikataba hii huwa mirefu, ya miaka 20 kwa kawaida, na ndiyo maana mnunuzi huahidi kulipa hata asipouchukua umeme uliokuwa tayari. Kule Turkana mitambo 365 ilikuwa imekamilika mwaka 2017, lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilichelewa hadi Septemba 2018, na katika kipindi hicho fedha za fidia zililipwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Na kwa kuwa bei imeandikwa kwa Yuro, shilingi ikidhoofika, umeme huo hupanda ingawa upepo ni ule ule. Anayesema kwamba mradi wa Turkana uliwagharimu Wakenya kupita ilivyopaswa ana hoja. Nami naona kosa hilo ni la mpangilio wa nyaya na mikataba, na lingeweza kuepukika bila kuukataa upepo.

Wengine huuliza: upepo ukikata, taa si zitazima? Gridi haitegemei chanzo kimoja. Kenya ina megawati 310 za Turkana, 100 za Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, na 25.5 za Ngong, ambako mitambo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993. Nyuma yake upo mvuke wa ardhini wa Olkaria usiokatika usiku wala mchana, na yapo mabwawa ya Mto Tana. Hata hivyo hatari ipo pale kituo kikubwa kinapoondoka ghafla. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, na katika maelezo yaliyofuata wasimamizi wa gridi na wamiliki wa kituo cha Turkana walitofautiana juu ya nini kilitangulia kuharibika. Somo lililo wazi ni kwamba kuweka megawati 310 kwenye ncha ya njia moja ndefu ni kuweka mzigo mkubwa kwenye kamba moja, na kwamba megawati hizo zikigawanywa maeneo mbalimbali, gridi hupumua.

Hili ndilo linaloufanya ushirikiano wa kanda uwe na maana kubwa kuliko mradi wowote peke yake. Upepo wa Turkana hupita kwenye njia nyembamba kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na huwa na nguvu zaidi usiku hadi alfajiri. Upepo wa bahari huku kwetu huamka jua linapoipasha nchi joto, hivyo alasiri ndiyo saa yake. Viwili hivi vikiunganishwa kwenye gridi moja, kimoja huchukua zamu kingine kinapolegea. Ethiopia ina mitambo yake Ashegoda na Adama, na ina mabwawa makubwa yanayojaa kwa mvua za Juni hadi Septemba. Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko imekuwa ikiiletea Kenya umeme tangu mwishoni mwa 2022. Kusini, njia nyingine imetuunganisha na Tanzania kupitia Isinya na Singida, na Singida nayo ni sehemu inayojulikana kwa upepo wake.

Lipo na jambo la karibu zaidi na sisi. Upepo ukivuma, wasimamizi wa gridi wanaweza kupunguza maji yanayopitishwa kwenye mitambo ya Masinga na mabwawa yanayofuata, wakayahifadhi kwa ajili ya siku za maleleji au za ukame. Bwawa hapo huwa ghala la upepo. Mto ule ule ndio unaomwaga maji yake Kipini na kuilisha delta ambayo wakulima, wafugaji na wavuvi wa upande wetu wanaitegemea. Namna maji yanavyofunguliwa na kufungwa kule juu huonekana huku chini, kwa hiyo watu wa delta wana haki ya kuwa na sauti katika mpango huo.

Tukiacha gridi, faida gani humfikia mwananchi aliye jirani na mtambo? Ajira ndiyo inayotajwa sana na ndiyo inayokuzwa kupita kiasi. Wakati wa ujenzi huhitajika mamia ya watu wa kuchimba misingi, kumwaga zege, kulinda, kupika na kuendesha magari. Ujenzi ukiisha, kituo hubaki na mafundi na walinzi wachache. Kijana wa hapa Lamu, wa mji wa Hindi au wa Mkunumbi, asipopelekwa chuoni mapema akasomea umeme na ufundi wa kupanda milingoti, kazi ya kudumu itakwenda kwa atokaye mbali. Barabara ni faida ya uhakika zaidi. Ili kupeleka mapanga Turkana, ilibidi kutengenezwa zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis, na safari iliyokuwa ikichukua siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, ina bahati ya kuweza kupokea vipande vikubwa karibu na vinakokwenda.

Faida ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote kwa watu wa mwambao ni ile isiyotajwa kabisa kwenye hotuba, nayo ni barafu. Samaki aliyevuliwa Kiwayu au Ndau akikosa barafu, mvuvi huwa hana ubavu wa kupatana bei. Hukubali anachopewa na mwenye boti yenye kasha la barafu kabla macho ya samaki hayajaingia ukungu. Kamba wa Kizingitini huuzwa kwa bei nzuri akiwa hai au akiwa baridi, na kwa bei ya hasara akiwa ameanza kunuka. Mtambo wa kugandisha barafu hula umeme mwingi, lakini hauhitaji umeme huo uje kila dakika: hugandisha upepo unapovuma na hupumzika unapotulia, na barafu iliyokwisha kuganda hukaa. Umeme wa misimu na wa saa hupata hapo mtumiaji anayeuvumilia. Ndivyo ilivyo pia kwa pampu za maji zinazojaza matangi.

Hata hivyo, kwa visiwa vidogo visivyofikiwa na gridi sidhani kama upepo uwe wa kwanza. Paneli za jua hazina kitu kinachozunguka, fundi wa kijijini anaweza kuzihudumia, na gharama yake imeshuka sana. Mitambo midogo ya upepo huharibika mara kwa mara, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Aliyewahi kuona mabati mapya yakianza kutoboka na misumari ikivimba kutu ndani ya miaka michache anajua ninachosema. Upepo unafaa pale unapoongezwa kwenye jua, betri na dizeli, ili usiku wa Kusi jenereta ilale. Kule Marsabit na Habaswein vituo vya dizeli viliongezewa mitambo ya upepo kwa lengo hilo la kupunguza mafuta.

Kuhusu mazingira, hesabu kubwa iko wazi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2014 kwamba ukihesabu kila kitu tangu kuchimba madini hadi kuvunja mtambo, uniti moja ya umeme wa upepo wa nchi kavu hutoa takriban gramu 11 za gesi zinazoipasha dunia joto, na uniti ya makaa ya mawe takriban 820. Lamu haihitaji kuelezwa makaa ya mawe ni nini. Kituo cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi, na Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kituo cha namna ile huvuta maji ya bahari ili kujipoza na kuyarudisha yakiwa moto, na huacha majivu yanayohitaji kulindwa kwa miaka mingi. Mtambo wa upepo hauhitaji maji ya kujipoza wala hauachi majivu. Kwa kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ambayo samaki wake huzaliana kwenye mizizi ya mikoko hiyo, tofauti hii ina uzito kuliko takwimu zozote za gesi.

Lakini upepo nao una madhara, na ni makosa kuyaficha. Ndege wakubwa wanaoelea, kama tai na tumbusi, hutazama chini wakitafuta mzoga na hawalioni panga linalowajia. Popo huuawa zaidi usiku wa upepo mwepesi. Delta ya Tana ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa tangu mwaka 2012, na mlango wa Mto Sabaki, karibu na Malindi, hupokea ndege wanaohama kila mwaka. Tiba zipo na zimejaribiwa. Kipeto huajiri watu wa kutazama anga, na tumbusi anapokaribia, mtambo ulio kwenye njia yake husimamishwa hadi apite. Popo huokolewa kwa kuuchelewesha mtambo usianze kuzunguka hadi upepo uongezeke kidogo. Hatua hizi hupunguza uniti chache kwa mwaka, na ndiyo sababu mwekezaji hatazichukua kwa hiari yake ikiwa mamlaka ya mazingira, NEMA, haikuziandika kama sharti la leseni.

Madai mengine hayana msingi. Mitambo haifukuzi mvua, wala hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba inaleta saratani. Kelele ni jambo la kweli kwa aliye karibu sana, na kuna kero ya kivuli cha mapanga kinachokatakata dirishani jua likiwa chini. Vyote viwili hutatuliwa kwa kuweka umbali wa kutosha kati ya mtambo na nyumba. Kuhusu lile swali la nahodha, fizikia inasema mtambo hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaopita kwenye mapanga yake, na upepo hujikusanya tena baada ya kilomita chache. Isitoshe, Kusi na Kaskazi zote hutoka baharini, kwa hivyo tanga huupata upepo kabla ya mlingoti wa nchi kavu.

Limebaki suala la ardhi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua miradi ya upepo Kenya kuliko upungufu wa upepo wenyewe. Mradi wa Kinangop wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 baada ya maandamano na mivutano ya ardhi, ilhali fedha na mitambo vilikuwa vimepangwa. Kule Turkana, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ekari 150,000 zilitolewa bila kufuata sheria, na mvutano wa kisheria ukaendelea. Baharini nako wawekezaji wawili waliwahi kugombea eneo moja, na wakulima wakasubiri fidia huku hawajui wapande mnazi au wasipande. Lamu ina historia nzito ya watu kuishi juu ya ardhi vizazi na vizazi bila ya hati. Mwekezaji anayekuja na ramani kabla ya haki hizo kutambuliwa huanza safari kwa chombo kinachovuja.

Jambo linalouma ni kwamba mtambo wenyewe hauhitaji ardhi nyingi. Msingi na njia ya gari huchukua sehemu ndogo tu ya eneo la mradi, na kule Ngong ng'ombe na mbuzi hulisha chini ya milingoti. Mkulima wa korosho anaweza kubaki na sehemu kubwa ya shamba lake na kupokea kodi ya ardhi kila mwaka, ilimradi mkataba uwe wa kukodi na usiwe wa kuuza moja kwa moja kwa malipo ya mara moja.

Anayekwenda kwenye kikao cha ushirikishwaji wa wananchi ajue pia kwamba Sheria ya Nishati ya 2019 imegawanya mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na tano kwa jamii ya mahali. Upepo haukuwekewa mgawo kama huo. Kwa hivyo mgao wa jamii, ukiwapo, utatoka kwenye makubaliano, kama ilivyo Kipeto ambako jamii ilipewa asilimia tano ya hisa kupitia mfuko wake wa amana. Katika kikao hicho iulizwe hisa hizo zitakuwa ngapi na nani atazishika, bei itaandikwa kwa shilingi au kwa fedha za kigeni, na njia ya nyaya itakamilika lini ikilinganishwa na mitambo. Iulizwe pia ni benki gani itakayoshika amana ya kuivunja mitambo itakapochakaa baada ya miaka 20 au 25, kwa kuwa mapanga hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, hayayeyushwi kwa urahisi kama chuma, na wakati huo kampuni iliyoyaleta huenda haipo tena.